Kauli za Herufi Themanini

Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, programu ya kugawa maji ilikufa, kama ilivyozoea kufa kila Jumanne, na marehemu akatoka chumba cha mitambo akaketi kwenye benchi la korido. Alikuwa wa tisa tangu mvua ziishe. Mhudumu wa usafi alikuwa anapiga deki hapo, akamwomba anyanyue miguu. Marehemu alinyanyua mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umekaa begani. Mhudumu akadeki chini ya ule mmoja, akasema asante, akaendelea na kazi zake.

Katika ofisi hiyo ya maji, programu ikifa haikuacha mabaki ndani ya kompyuta peke yake. Mabaki yalitoka, yakaketi, yakasubiri kuulizwa kilichoyaua. Ikifika jioni, yawe yameulizwa au la, yalikwenda yenyewe kwenye rafu ya kumbukumbu, yakajikunja, yakawa faili. Ilikuwa hivyo tangu kompyuta ya kwanza iletwe, na waajiriwa wapya walielezwa habari hiyo siku moja na habari ya ufunguo wa choo. Shida haikuwa marehemu kutoka. Shida ni kwamba walitoka wamevurugika: mdomo nyuma ya sikio, mikono miwili yote ya kushoto, jina nusu. Hata kitasa hawakuweza kukizungusha. Ndiyo maana mlinzi wa chumba cha mitambo alikuwa anawafungulia mlango.

Mlinzi huyo alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa mumewe. Fundi, mwanamke aliyetunza programu za ofisi, ndiye aliyemwombea kazi, na kwa sababu siku ya kwanza alimwita "Shemeji" mbele za watu, ofisi nzima ikamwita hivyo, mpaka Meneja, ambaye hakuwa na undugu naye wa kuchovya wala wa kupaka. Shemeji alikuwa mtu wa adabu zilizopita kiasi. Alibisha hodi hata kwenye lifti. Sasa adabu hizo zilikuwa zimemponza, maana mtu akifa mara tisa, na mara zote tisa wewe ndiye uliyeshika mlango, watu hawana budi kusema.

Na marehemu wenyewe walisema. Kila mmoja alipoulizwa, alijibu kwa mdomo wake wa nyuma ya sikio: "Nimefariki saa nne na dakika kumi. Aliyesimama mlangoni ni Shemeji. Aliyeniua ni" Hapo ndipo kauli yake ilipoishia, na hata ungemwuliza mara mia asingeongeza neno. Kamati ya nidhamu ilikiri kwamba sentensi ya mwisho imekatika. Lakini, ilisema, jina lililo karibu nayo halijakatika.

Kikao kilipangwa Ijumaa saa tatu. Barua ya kumwachisha Shemeji kazi ilikuwa imeshachapwa na kupigwa muhuri, ili siku yenyewe watu wasihangaike.

Fundi alihesabu herufi za ile kauli, nafasi na vituo vikiwemo, akapata themanini kamili. Akahesabu herufi za jina ambalo kila marehemu alijitambulisha nalo, Mgawaji-wa-Maji, akapata kumi na tano kamili. Akavuta kiti.

"Shem," alimwambia mlinzi, "hawa watu hawajamaliza kusema. Kuna anayewakata."

"Nani?"

"Sisi."

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mshahara wa Shemeji ndio uliokuwa unalisha nyumba ya watu sita kule mitaa ya chini, yeye, mkewe, watoto watatu na mama yake. Kazi ikiota mbawa, wote sita wangehamia kwenye vyumba viwili vya Fundi. Fundi alimpenda mama mkwe wake, na alitaka kuendelea kumpenda, na alijua upendo wa namna hiyo unahitaji vituo vitatu vya basi katikati. Lakini pia, tuseme ukweli, alimwonea huruma Shemeji. Mtu aliyekuwa anawaaga marehemu kwa majina yao nusu, kila mmoja peke yake, hakustahili kuitwa muuaji.

Sasa, ili programu ya uchunguzi isome mabaki ya programu nyingine, inahitaji kuambiwa mwili wa marehemu umepangwaje: jina liko wapi na lina urefu gani, mkono wa kulia unaanzia wapi, kauli ya mwisho imewekwa mfuko gani. Maelezo hayo yako kwenye faili la fasili za mfumo. Katika ofisi nyingine faili hilo lina fasili moja ya kila kiungo. Katika ofisi hii zilikuwa kumi na moja.

Ilitokana na heshima. Pale ofisini hakuna mtu aliyefuta kazi ya aliyemtangulia. Kila fundi aliyekuja, akikuta kosa, aliandika marekebisho yake chini ya kosa, akaacha la mwenziwe lilivyo, na juu yake akaweka maneno ya adabu. Fundi alikuwa anasoma: "Naomba radhi kwa aliyenitangulia. Mimi naona goti liko hapa." Na chini yake: "Kwa heshima zote kwa wakubwa wawili waliotangulia, goti nimelikuta sehemu nyingine." Programu ya uchunguzi, ambayo haikufundishwa adabu, iliyasoma yote na kuyatii yote. Ndiyo maana marehemu alikuwa na magoti matano, na hakuna lililokunja.

Kufuta hakukukatazwa. Kulikuwa na fomu. Fomu ya Kuomba Kufuta Kazi ya Mwenzako ilitaka sahihi ya mwandishi mwenyewe, na tangu ichapishwe haikuwahi kujazwa hata moja. Fundi alichukua kumi na moja.

Jumanne hiyo na Jumatano aliwatafuta waandishi. Wengi walikuwa wamestaafu au wamehama. Mmoja alikuwa anatengeneza sabuni. Alisaini kwa kidole chenye povu bila kusoma. Mmoja aliuliza kwenye simu kwa sauti ndogo kama kweli miaka yote hiyo walikuwa bado wanatumia goti lake. Mwingine alisema, "Futa, dada. Hata mke wangu kanifuta." Mume wa Fundi, aliyekuwa dereva, alizunguka kukusanya sahihi, na hakuuliza za nini, kwa sababu miaka kumi na miwili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kutouliza.

Kila fasili ilipofutwa, marehemu wa Jumanne, ambaye Fundi alimwomba asiende kwenye rafu, alijirekebisha kidogo pale benchini. Mguu ulishuka kutoka begani ukajipachika. Magoti yakabaki mawili. Jumatano saa sita mkono mmoja ukageuka wa kulia, na Shemeji akaja kuushika.

"Habari za tangu jana," alisema.

"Nzuri," alijibu marehemu. Mdomo ulikuwa umefika shavuni.

Jioni uso ulikuwa umetimia, na ikaonekana kwamba ni mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuhesabu. Mhudumu wa usafi alisema alijua tangu mwanzo, kwa jinsi alivyokuwa ananyanyua mguu.

Ikabaki fasili moja, ya kwanza kabisa, ile iliyoweka jina herufi kumi na tano na kauli herufi themanini. Mwandishi wake alikuwa meza ya tatu kutoka dirishani. Ofisi ilimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale, lakini alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, na ulimi ambao usingeweza kuuita dada.

"Shikamoo, Shangazi," Fundi alisema Alhamisi asubuhi, fomu mkononi.

"Marahaba. Umekuja kunifuta."

"Nimekuja kuomba."

"Wenzangu umewafuata kwa simu na kwa mume. Mimi umenifuata kwa miguu. Ni heshima au salio limeisha?"

"Yote mawili, Shangazi."

Shangazi alicheka, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Unajua kwa nini themanini? Siku zile diski ilikuwa ndogo. Ukimwachia marehemu mmoja aseme yote, mwenzake hana pa kulala. Ilibidi wafe kwa ufupi."

"Sasa diski ni kubwa. Waache waseme."

"Wakisema watanitaja."

Fundi akakaa. Shangazi aliitazama fomu bila kuigusa.

"Meneja alikuja hapa na kikombe cha chai," alisema. "Kakiandaa mwenyewe, na sukari kakoroga mwenyewe. Nikajua hapa kuna jambo. Akataka mstari mmoja tu. Unaijua sheria: kila Jumanne programu inahesabu mitaa isiyo na maji, na ikizidi kumi na miwili kwenye ripoti ya saa nne na robo, mitaa ya juu inafungiwa siku mbili ili ya chini ipate. Basi mstari ukasema, hesabu ikizidi kumi na miwili, programu ife kabla ya ripoti. Ikifa, hakuna ripoti. Hakuna ripoti, hakuna kufungiana maji."

"Na ukaandika."

"Kwa mkono huu. Wiki ya kwanza sikulala. Wiki ya pili nikalala." Akarudisha miwani usoni. "Hilo la kulala ndilo linaloniuma, mwanangu. Leo nilipomwona yule mama amepata uso, nimeshindwa kupita koridoni. Nimezungukia nje."

"Shemeji anaachishwa kesho."

"Najua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu kafa mara tisa, bado mimi nangoja nini?" Akasaini. Sahihi yake ilikuwa ndefu na nzuri, ya watu waliofundishwa kuandika kwa kupigwa vidole. "Ila ukifuta," aliongeza, "usifute zile nukta zangu za mwisho wa mistari. Zile hazina kosa."

Fundi alifuta vikomo vile viwili, cha jina na cha kauli. Faili lililokuwa na kurasa mia mbili na sitini likabaki na kurasa tisa, na nukta zote za Shangazi. Kule kwenye rafu ya kumbukumbu, marehemu wanane wa nyuma wakakunjuka mmoja mmoja, wakashuka, wakaja kumsalimia mwenzao wa benchini. Walifanana kama ndugu wa tumbo moja. Benchi halikutosha, na mtunza stoo alilazimika kuleta viti vya plastiki, akinung'unika kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Ijumaa saa tatu kamati iliketi. Meneja alikuwa mwenyekiti. Pembeni yake walikaa wajumbe wawili, waliokuwa wanakubaliana naye kwa zamu, na Katibu mwenye daftari la mihutasari. Shemeji alisimama karibu na mlango, kwa mazoea.

Marehemu wa kwanza aliitwa. Alijitambulisha kwa jina lake lote: Mgawaji-wa-Maji-Mitaa-ya-Chini. Hilo peke yake liliandikwa kwenye muhtasari, kwa kuwa mpaka siku hiyo ofisi ilidhani inakufa programu ya mji mzima. Kumbe zilikuwa mbili zenye jina moja la mbele, na ile ya mitaa ya juu haikuwahi kuugua hata mafua.

"Nimefariki saa nne na dakika kumi," alisema. "Aliyesimama mlangoni ni Shemeji. Aliyeniua ni mstari wa mia nne na kumi, ulioandikwa na Shangazi kwa agizo la Meneja, unaosema nikihesabu zaidi ya mitaa kumi na miwili isiyo na maji, nife kabla sijatoa ripoti. Nilikuwa nimehesabu kumi na mitatu. Shemeji alinifungulia kwa sababu nilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Aliniambia pole. Sina la ziada."

Kisha wakaingia wengine wanane, na kila mmoja alisema hayohayo. Mmoja tu, wa Jumanne ya nne, alikuwa amehesabu mitaa kumi na minne. Katibu aliandika kauli zote tisa kwa ukamilifu, akibadilisha kalamu katikati.

"Shangazi?" aliuliza Meneja.

"Mwandiko wangu," alisema Shangazi.

"Na agizo ni langu," alisema Meneja. Alikuwa mtu mnyofu, hilo apewe. "Ameeleza vizuri sana. Kuna mwenye swali?"

Mjumbe wa kulia alisema hana. Ilikuwa zamu yake.

"Basi Shemeji hana kosa," alisema Fundi.

"Hata kidogo. Nani kasema ana kosa?"

"Barua."

"Ah, barua." Meneja alimgeukia Katibu, na Katibu akaeleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. Barua ya Shemeji ilikuwa namba mia mbili na kumi na mbili kwenye rejista. Ikiondolewa, mia mbili na kumi na tatu haitakuwa na cha kufuata. Na mia mbili na kumi na tatu ilihusu mapazia ya ofisi ya Meneja, ambayo yalikuwa yameshatundikwa.

Fundi alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Aliinuka. "Wiki hii nimefuta kazi ya watu kumi na mmoja, wote kwa sahihi zao. Sahihi yako moja tu, Meneja, inamrudisha mtu kazini."

"Wewe umefuta fasili. Hiyo ni barua. Watu wakishajua barua zinafutika, tutaongoza nini?"

"Basi nifute mimi mstari wangu," alisema Shangazi. Alikuwa amesimama pia. "Wa mia nne na kumi. Nimeuandika mimi, nausaini mimi, sasa hivi."

"Kazi ni yako, Shangazi. Agizo ni langu. Hapo zinatakiwa sahihi mbili." Meneja alifunga kalamu yake, akaitia mfukoni, akaipigapiga kidogo kuhakikisha imekaa.

Kamati ikapitisha maazimio. Marehemu wote tisa walipewa pole kwa niaba ya ofisi. Fundi alipongezwa kwa kusafisha faili la fasili, ambalo sasa lilikuwa linafunguka haraka. Viti vya plastiki viliidhinishwa kubaki koridoni. Mstari wa mia nne na kumi ulionekana unafanya kazi ipasavyo. Na chini ya barua namba mia mbili na kumi na mbili, baada ya muhuri wa kumwachisha kazi, liliongezwa neno, "Mhusika hana kosa," likapigwa muhuri wake.

Shemeji alipokea barua kwa mikono miwili. Aliisoma yote, akashukuru kwa lile neno la chini. Kisha akawashikia mlango marehemu tisa mpaka wa mwisho akatoka.

"Shem, ungesema kitu," Fundi alimwambia nje.

"Ningesema nini? Wameniamini."

Jumanne iliyofuata, saa nne na dakika kumi, programu ilikufa. Marehemu alizungusha kitasa kwa mkono wake wa kulia, akatoka, akaketi, akatoa kauli yake yote. Katibu aliandika, "Kama wiki iliyopita," akaongeza idadi ya mitaa. Meneja alipita, akasema, "Pole sana, mama," akaingia ofisini kwake kwenye mapazia mapya.

Marehemu huyo hakungoja jioni wala hakwenda kwenye rafu. Alitelemka ngazi, akatoka getini, akauliza njia ya mitaa ya chini, kwa kuwa alikuwa anaijua kwa namba tu. Shemeji alikuwa pale ng'ambo ya barabara, amekuja kuomba barua ya utumishi mwema. Alivuka, akamwambia ni njia yake pia, wakaondoka pamoja. Fundi aliwaona kutoka dirishani. Akachukua mkoba, akamwambia Shangazi anakwenda kula, ingawa ilikuwa saa nne na nusu, na Shangazi akamjibu, "Kula pole pole."

Walipita mtaa kwa mtaa, wote watatu. Shemeji alibisha hodi, akarudi hatua mbili nyuma, na marehemu akasema alichokuwa nacho: "Leo nimehesabu mitaa kumi na mitatu. Wa kwenu umo. Maji hayatakuja." Hakuna aliyeshtuka. Seremala mmoja aliuliza kama kesho yatakuja, akaambiwa kesho haihesabiwi mpaka Jumanne. Mwanamke mwenye nguo za kufua begani alishukuru, akazirudisha ndani. Watu wa mitaa ya chini walikuwa wanajua maji hayaji. Lakini hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuja kuwaambia, na wengi walimkaribisha marehemu aketi.

Mtaa wa kumi na tatu ulikuwa wa Shemeji. Mama yake alikuwa sebuleni anafunga vyombo kwenye magazeti, kwa kuwa mwisho wa mwezi walikuwa wanahamia kwa Fundi. Aliwaitikia hodi bila kuinuka.

"Mama, leo mitaa kumi na mitatu," alisema marehemu. "Wa kwenu umo."

"Najua, mwanangu. Miezi miwili sasa." Mama alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni, kisha akamtazama Shemeji, kisha Fundi. "Na huyu mmemtembeza juani mitaa yote kumi na mitatu? Umekunywa maji wewe?"

"Hapana," alisema marehemu. "Mimi huwa nayagawa tu."

Mama alifungua gazeti moja, akatoa kikombe. Akafunua ndoo, akainamisha kikombe hadi chini kabisa, ambako maji yalikuwa yamebaki, akamletea. Marehemu alikunywa yote. Mama akafunika ndoo, akakaa, akaendelea kufunga vyombo.